Alisema ni ufunuo, lakini siri ile nilimwambia rafiki yangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 39, naishi Kimara na mume wangu na binti yetu wa miaka 11. Jina langu usilitoe. Jina la kanisa nimelificha mwenyewe, kwa sababu humo ndani kuna watu wengi wema na sitaki waaibike kwa jambo wasilolijua.

Nikiwa na miaka 16, niko kidato cha pili Morogoro, nilipata mimba. Aliyenipa alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto, rafiki wa marehemu baba. Shule wakanifukuza. Nikajifungua mtoto wa kiume, na mama akaamua kwamba mtoto atakuwa wake ili dhambi yangu isinizibie maisha. Majirani waliambiwa ni mtoto wa uzeeni; walioamini waliamini, wengine walikaa kimya. Alipofikisha miezi 14 nilipanda basi kuja Dar kwa mama mdogo. Nilikuwa na begi la kijani ambalo zipu yake ilishakufa, nimelifunga kwa kipande cha kitenge. Pale stendi ya Msamvu mama alikuwa amembeba mtoto mgongoni, na yeye akawa ananyoosha mkono kulivuta lile begi, akidhani tunacheza. Leo ana miaka 22, yuko chuo Dodoma. Ananiita dada.

Mume wangu hajui. Tumeoana miaka 13. Wakati wa uchumba nilitaka kumwambia, mama akanizuia. Baada ya binti yetu kuzaliwa, mimba mbili zimeniharibikia.

Niliokoka miaka tisa iliyopita. Kanisa letu lilianzia kwenye turubai na viti vya plastiki vya kukodi, leo lina jengo. Mume wangu ni mzee wa kanisa, mimi niko kwenye timu ya waombaji. Mimba ya pili ilipotoka, akina mama wa kanisa walipokezana nyumbani kwangu wiki mbili nzima. Walinipikia uji, wakafua mpaka mashuka yale ambayo hata mimi sikutaka kuyatazama. Hilo sitalisahau.

Nina rafiki, mwenzangu wa maombi. Kila siku saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tunapigiana simu tunaomba. Mwaka jana, katika maombi ya kufunga siku 21, nilimweleza yote. Mtoto, mama, Msamvu, begi. Nililia, naye akalia. Nilimwambia nimechoka kubeba dhambi yangu peke yangu.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye mkesha wa Ijumaa. Kwenye saa nane usiku mtumishi akanyamazisha vyombo, akashika maiki, akasema: "Kuna mama humu ndani. Namwona binti mdogo yuko stendi, ana begi la kijani. Amemwacha mtoto. Yule mtoto mpaka leo anamwita mdogo wake! Ndiyo maana tumbo limefungwa. Mama, njoo mbele ufunguliwe."

Kanisa lililipuka kwa shangwe. Mume wangu, kiti cha pembeni yangu, alisema "Amina" kwa sauti kubwa. Mimi nilikuwa na chupa ya maji mkononi, nikawa nakaza kifuniko ambacho kilishakaza. Sikuinuka. Akainuka mama mwingine, mama anayeuza vitumbua karibu na kituo cha daladala. Alikwenda mbele analia, akaanguka, wakamfunika kanga. Wiki iliyofuata alitoa sadaka ya shukrani mbele ya watu wote. Siri yake yeye siijui. Ninachojua ni begi lile lilikuwa la nani.

Kwenye bajaji tukirudi nyumbani mume wangu akasema, "Kumbe mtu unaweza kulala na mwenzako miaka yote usimjue." Halafu akanyamaza hadi nyumbani.

Asubuhi nilimwandikia rafiki yangu kwenye WhatsApp: "Ulimwambia mtumishi?" Tiki mbili zikawa za bluu. Baada ya saa nne akajibu: "Mpendwa, Mungu hutumia njia nyingi kumponya mtu wake." Tangu siku hiyo simu ya alfajiri haijalia tena.

Kuna jambo lingine linaniumiza. Kwa miaka mitatu mimi ndiye niliyekuwa nakusanya karatasi za maombi. Tunazitoa kwenye kapu, tunazinakili kwenye daftari, na Alhamisi daftari linapelekwa ofisini kwa mtumishi. Ijumaa usiku anaita: kuna mtu ana kesi ya kiwanja Goba, kuna dada ameachwa wakati mahari imeshalipwa. Nilikuwa nasikia mwandiko wangu mwenyewe ukirudi kama sauti ya Mungu, nami nilikuwa nashangilia na wengine. Nilijiambia Roho anathibitisha. Sasa najiuliza, kama ufunuo wangu mimi ulipita kwenye simu ya rafiki yangu, zile nyingine zilipita wapi? Na lile neno nililopewa siku naokoka, ambalo nimelishikilia miaka tisa?

Nimenasa, Shangazi. Nikisema mtumishi hakuonyeshwa na Mungu, itabidi nikiri kwamba alichosema ni kweli. Nikinyamaza, ninashuhudia uongo kila Jumapili. Mume wangu nimwambie? Kanisa nihame kimya kimya? Je, ni kweli Mungu alizichukua zile mimba mbili kwa ajili ya dhambi yangu? Na kama alikuwa amenisamehe, kwa nini alinyamaza siku ile wakati ninavuliwa nguo mbele ya watu? Nikifumba macho kuomba nasikia ile maiki. Binti yangu ameniuliza mbona siombi naye tena kabla ya kulala, nikamwambia koo linauma.

Mama wa Kimara

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya Msamvu, pole ya zile mimba mbili, pole ya ile bajaji. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikiwa kwenye pantoni narudi Kigamboni, nikaja kushtuka watu wameshashuka wote nimebaki nimekaa. Nimeisoma tena mara mbili nyumbani.

Nikikuelewa vizuri, siri uliyoitoa katika maombi imekurudia kwenye spika ikiwa imevikwa jina la Mungu. Umeumizwa na aliyeitoa, umeumizwa na aliyeitumia, na huwezi kulalamika bila kujifunua wewe mwenyewe. Juu ya hayo unajiuliza kama Mungu uliyemwamini miaka tisa alikuwemo katika jambo hili au la. Ni mengi, na yamejifunga pamoja. Naomba tuyafungue moja moja, maana yakikaa hivyo kila moja linaazima uzito wa mwenzake.

Naanza na neno ulilolirudia mara tatu, "dhambi yangu". Mwanangu, ulikuwa na miaka 16. Yeye alikuwa mtu mzima, ana mke, rafiki wa baba yako, mtu ambaye nadhani ulikuwa unampa shikamoo. Mwaka ule unaousema, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilikuwa tayari inafanya kazi nchini kwetu, na ilisema msichana asiye mke wa mtu, akiwa chini ya miaka 18, hahesabiwi kuwa ameridhia, hata kama midomo yake ilisema ndiyo. Kosa lilikuwa la yule mzee. Lakini aliyefukuzwa shule ni wewe, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwa wasichana wetu. Ni Novemba 2021 tu serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi darasani. Wewe ulishabeba begi lako zamani. Sitaki kukupa jina la kuliita jambo lile, jina hilo utalichagua mwenyewe ukiwa tayari. Ninachokuuliza ni hiki: katika miaka hii 22, kuna mtu yeyote, mama yako, rafiki yako, mtumishi, aliyewahi kukuuliza yule mzee alikwenda wapi?

Nauliza kwa sababu ufunuo wa Ijumaa ile ulijengwa juu ya neno hilohilo. Kama ungekuwa huamini kwamba ni dhambi yako, lile la "ndiyo maana tumbo limefungwa" lingekosa pa kushika.

Na tumbo tulizungumze kwa ukweli wake. Kati ya kila mimba 100 ambazo mwanamke ameshajua anazo, 10 hadi 20 huharibika, nyingi kabla ya wiki ya 12. Karibu nusu ya zile zinazotoka mapema chanzo chake ni kromosomu ambazo hazikukaa sawa tangu siku mbegu na yai vilipokutana, jambo ambalo mama hakulisababisha na asingeweza kulizuia. Umri nao una sehemu yake. Nenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, mwambie mimba mbili zimeharibika, mwombe akupime sukari, tezi ya shingo, mfuko wa uzazi na mengine atakayoona yanafaa. Hata hospitali inaweza isipate sababu, hilo ujiandae nalo. Lakini nenda.

Kuhusu adhabu, unaikumbuka Yohana sura ya 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Waliuliza mbele yake, maana alikuwa kipofu, hakuwa kiziwi. Yesu akajibu kwamba huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Wanafunzi walikuwa na hakika kabisa kwamba jibu lazima liwe mojawapo kati ya yale mawili.

Sasa mtumishi. Mimi sikuwepo mkeshani, na moyo wa mtu siuoni. Inawezekana aliambiwa na rafiki yako akajua kabisa anachofanya. Inawezekana rafiki alimwambia mama mchungaji, mama mchungaji akasema nyumbani, na miezi baadaye likamjia madhabahuni naye akaliita sauti. Wako watumishi wanaojidanganya kabla hawajamdanganya mtu. Sisemi hayo ili kumtetea. Nasema kwa sababu umeniletea ushahidi wa begi la kijani, ambao ni mzito, na jibu la WhatsApp, ambalo ni la kukwepa, lakini rafiki yako hujakaa naye uso kwa uso. Jeraha la rafiki aliyekuuza na jeraha la rafiki aliyedhani anakusaidia akakosa busara yote yanauma, ila hayatibiwi dawa moja. Ukienda kumwona, nenda ukijua anaweza kukukana, au kukuambia unapigana na upako. Usiende saa ambayo huwezi kubeba jibu hilo. Zaburi ya 55 iliandikwa na mtu aliyesema kama adui ndiye angemtukana angevumilia, lakini ni wewe, rafiki yangu, niliyejuana nawe sana. Isome kabla hujaenda, kwa sauti ikibidi.

Lakini hata tuseme mtumishi alionyeshwa kweli, bado nina swali. Katika Yohana sura ya 4 Yesu alimwambia mwanamke Msamaria siri ya wanaume watano aliokuwa nao. Alimwambia kisimani, mchana, na Yohana anatuambia kwamba wanafunzi walikuwa wamekwenda mjini kununua chakula. Hapakuwa na mtu mwingine. Aliyeipeleka habari ile mjini ni mwanamke mwenyewe, kwa miguu yake, kwa kutaka. Uilinganishe na Ijumaa yako. Na Kumbukumbu la Torati 13 linaonya kwamba ishara ya nabii inaweza kutokea kweli na bado nabii yule asifuatwe. Kwa hiyo kule kunasa kwako, kwamba alichosema ni kweli, labda si kukubwa kama kunavyoonekana. Maneno kuwa ya kweli hayajibu yalitoka wapi, wala hayajibu kwa nini yalisemwa kwenye maiki.

(Wakatoliki wana sheria kali hapa: padre anayefichua waziwazi aliyoyasikia katika kitubio anajitenga na Kanisa papo hapo. Makanisa yetu mengi mapya hayana kanuni yoyote iliyoandikwa kuhusu siri za waumini, na waumini hawajawahi kuuliza. Hili linanihuzunisha kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu watu wanaoandika karatasi zile wanaandika usiku, wengi wakiwa hawana mtu mwingine wa kumwambia.)

Hapo ndipo nalirudia daftari. Ulinakili kwa nia njema, na hukujua. Ila sasa umejua, na nadhani ndiyo sababu linakuuma kuliko lako mwenyewe. Umefikiria kwamba unaweza kulisema daftari bila kulisema begi? Unaweza kumwendea mtumishi, wewe na mwombaji mwingine mmoja unayemwamini kama Mathayo 18 inavyoelekeza, ukauliza tu: zile karatasi zinasomwa na nani, zinakaa wapi, zinachomwa lini, na kwa nini watu hawaambiwi kwamba zinapita ofisini? Hujataja Morogoro. Hatari yake ni kwamba utaitwa mwasi, utaondolewa kwenye timu, na mume wako kama mzee wa kanisa atawekwa katikati bila kujua chanzo. Au mtu atahisi. Ukiona hilo ni kubwa mno kwa sasa, unaweza kuacha kunakili tu. Kwamba una wajibu wa kulifumua lote mwezi huu, hilo sitakuambia. Kama kuna siku utatishwa kwa siri yako, udaiwe pesa au ukimya, basi habari inabadilika: hapo kuna polisi, na kuna Msajili wa Jumuiya kwenye Wizara ya Mambo ya Ndani, kama kanisa limesajiliwa kwake.

Mume wako. Umelibeba sana lile neno la kwenye bajaji, na umelisikia kama hukumu. Huenda ni hukumu. Huenda ni mtu amechoka saa kumi usiku, anamwonea huruma mume wa mama wa vitumbua. Huenda pia, na hili sikulitaka kulisema lakini nalisema, alikuwa anajiuliza jambo juu yako na anasubiri useme. Alizungumza juu ya mtu asiyemjua. Juu yako hajasema kitu, kwa sababu hajapewa nafasi. Wewe ndiye unayemjua: akikasirika huwa anafanyaje? Amewahi kuinua mkono? Kama amewahi, au unaogopa, usimwambie mkiwa wawili tu usiku, na ujue kwamba vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kama ni mtu wa kunyamaza siku tatu halafu akarudi, jiandae kwa siku tatu. Wasimamizi wenu wa ndoa wapo? Kama hawasali kanisa hilohilo, wanaweza kukaa nanyi. Kutomwambia nako ni njia, na wanawake wengi wameishi nayo hadi kaburini, sitakudanganya kwamba haiwezekani. Ila wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata, na sasa kata zimekuwa nyingi: rafiki, mtumishi, na sijui nani mwingine. Asikie kwako au asikie kwao, hilo ndilo swali lenyewe, na kila mwezi unaopita unapunguza uwezo wako wa kulijibu.

Kuna mtu mmoja ambaye baada ya kushuka basi hujamrudia tena katika barua yako. Kijana. Ana miaka 22, umemweka kwenye mistari miwili, yuko chuo Dodoma, ananiita dada, basi. Umeuliza kuhusu mume, kanisa, Mungu. Hukuuliza kuhusu yeye. Sikulaumu. Nadhani pale Msamvu ulijifunza kutomtazama ili uweze kupanda basi, na hujaambiwa kwamba sasa unaweza kugeuka. Siri hii ni yako, lakini ni yake pia, na ni ya mama yako aliyemlea akaitwa mama. Huenda kijana anajua zamani. Watoto wanaolelewa na bibi husikia mengi nyuma ya mlango. Huenda hajui, na atakasirika, na kama yuko kwenye mitihani huu si wakati. Mimi ningekwenda kwanza Morogoro kwa mama, nikae naye jikoni, nimweleze yaliyotokea mkeshani. Yeye ndiye aliyefunga mlango huu, kwa upendo, kwa namna alivyojua. Anaweza kukukatalia tena. Lakini wakati ule ulikuwa binti wa uchumba. Leo una miaka 39.

Umeuliza kwa nini Mungu alinyamaza. Jibu sina. Nakuomba pia uwe mwangalifu na mtu atakayekupa jibu hilo haraka, akiwemo mshauri. Katika Yohana 11 Martha alimwambia Yesu waziwazi kwamba kama angekuwapo, kaka yake asingekufa, na hakukemewa kwa kusema hivyo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kulia na inaisha gizani, mwandishi hakupewa mstari wa kushangilia mwishoni, na Biblia ikaiacha hivyo hivyo. Kwa hiyo kama huwezi kuomba, usijilazimishe kufumba macho. Yaache wazi. Binti yako ukitaka mwambie kwamba mama amechoka na hana maneno, aombe yeye wewe usikilize. Koo litapona, atauliza tena.

Na kuhusu lile neno la miaka tisa iliyopita, ulilopewa siku unaokoka. Sijui lilipita wapi. Lakini umenisimulia pia akina mama waliofua yale mashuka. Wale hawakuwa na maiki. Hawakujua siri yako, wala hawakuitisha sadaka. Walijua tu kwamba mwenzao ametokwa na damu. Unapopima ni nini kilikuwa cha kweli katika miaka tisa hii, wao umewaweka upande gani? Jibu ni lako, nitalipokea lolote.

Kuhama kanisa, kubaki, kupumzika mwezi mmoja, yote yapo mezani. Ukihama ghafla maswali yatamfuata mume. Ukibaki utaisikia ile sauti kila Ijumaa. Ukitaka tu mahali pa kukaa bila kujulikana, kule mjini karibu na bahari kuna Azania Front ya Walutheri na Mtakatifu Yosefu ya Wakatoliki, majengo ya tangu enzi za Wajerumani, mwendo mfupi kutoka moja hadi lingine. Ingia siku ya kazi, kaa benchi la nyuma. Hakuna atakayekuita mbele.

Mwisho nataka nikukumbushe mama wa vitumbua. Yeye aliinuka kwa maneno yaliyokuwa yako. Huenda na yeye ana mtoto mahali fulani, huenda ni jambo jingine kabisa, lakini kuna kitu ndani yake kiliitika, na baadaye akasimama tena kutoa sadaka ya shukrani. Sijui analala vipi. Usimwambie lolote, wala usimuulize lolote. Asubuhi moja ukiwa huna haraka, nunua vya shilingi elfu moja, kaa kwenye ile ndoo au benchi alilonalo, uvile hapo hapo vikiwa vya moto.

Niandikie ukishatoka Morogoro, au hata usipokwenda.

Shangazi